Karatasi ya Ishirini na Nne

Dotto, Salma, na ninyi wengine mliomtuma dada yangu aje kunichunguza: ni kweli, nimeacha kazi maabara, au niseme kazi imeniacha mimi. Mnauliza ilikuwaje nikaenda Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo, na karatasi ishirini na nne nikarudi na ishirini na tatu. Ofisini nilisema moja ilidondoka majini. Nilidanganya. Ninyi nawaandikia ilivyokuwa, kutoka Kigoma hadi huko na kurudi, ila msisome kwa sauti mbele ya mama. Majina ya watu wa huko nimeyabadilisha.

Kwanza mjue nilichotumwa. Mkuu wangu wa maabara alikuwa na wazo ambalo wenzake walimcheka. Kila kiumbe kinachoishi majini humwaga kitu: magamba, ute, mavi. Ndani ya takataka hizo mna vinasaba, maandishi ya urithi ambayo kila aina ya samaki ina yake. Wataalamu wa vijidudu walikuwa wameshaanza kuyasoma hayo katika maji. Mkuu akauliza, kwa nini tusijaribu na samaki? Chota maji, yachuje kwenye karatasi, itie karatasi kwenye spiriti, ilete maabara, na huenda ukajua ziwani mna nani bila kutega wavu hata mmoja. Alitaka hasa habari za mpumbu, samaki wa Mweru ambaye zamani walimvua mitumbwi ikajaa, na ambaye siku hizi anasikika tu kwenye mazungumzo.

Karatasi zenyewe ni za duara, ndogo, zilikuja kutoka Ulaya kwa kuombwaombwa. Ishirini na tatu zilikuwa za ziwa. Ya ishirini na nne ilikuwa ya maji safi yaliyochemshwa hapa Kigoma na kufungwa kwenye chupa. Hayo unayachuja mwisho, kule kule ziwani, kwa pampu ile ile na mikono ile ile. Karatasi hiyo ikisomwa ikakutwa tupu, vyombo vyako vilikuwa safi na nyingine zote zinaaminika. Ikikutwa na samaki, umezichafua wewe mwenyewe na kazi yote ni bure. Mkuu aliiita shahidi.

Kigoma hadi Mpulungu

Meli ilichelewa siku moja na nusu, na hakuna aliyetuambia sababu. Ilikuwa Novemba, mwaka tisini na tisa, na sitaha ilijaa Wakongo waliokimbia vita wakiwa na magodoro, mbuzi na masufuria yaliyofungwa kwa kanga. Nilipata nafasi karibu na jiko, nikala wali mkavu na dagaa siku zote tatu, na moshi nikaula pia.

Sanduku langu la barafu ndilo lililoniletea balaa. Nilikuwa nimelikalia kwa kuogopa wezi, na mtu akikalia sanduku jeupe siku nzima bila kulifungua, watu wanaanza kuwaza. Siku ya pili akanijia mwanamume wa Kalemie, shati lake limechanika begani.

"Docteur," akasema, "iko dawa ya kolera mule?"

Nikamwambia mimi si daktari, ni fundi wa maabara, na mle ndani mna karatasi.

"Karatasi." Alilitazama sanduku, akanitazama na mimi. "Batu banakufa, na weye mama unatembeza papier mu barafu."

Mkewe alikuwa amelala upande wa pili chini ya turubai. Nilimpelekea maji yangu yaliyochemshwa, si yale ya shahidi, na chumvi na sukari nilizoomba jikoni. Alikunywa kidogo akayatapika. Tulipofika Mpulungu niliwaona gatini, mwanamke kalala mkekani, mwanamume anafukuza nzi kwa kofia. Lori langu lilikuwa linapiga honi, nikaenda. Sijui mwisho wao.

Mpulungu hadi Kawambwa

Lori lilikuwa la chumvi na sabuni, na sisi abiria kumi na mmoja juu ya mizigo. Hadi Mbala mambo yalikuwa mazuri. Kupita Mporokoso mvua ikatukuta, gurudumu la nyuma likazama kwenye tope, na dereva alipolazimisha, kitu fulani chini kikakatika kwa mlio ambao hata mimi nisiyejua magari nilijua ni msiba. Utingo akapanda baiskeli ya mtu kurudi mjini kutafuta chuma kingine. Tulikaa siku mbili.

Siku ya kwanza nilijifanya mwanamke wa Ujiji. Mama mmoja wa kijiji cha jirani alituletea viwavi waliokaushwa, wamekaangwa na nyanya, pamoja na ubwali, yaani ugali, wa mihogo. Nikasema nimeshiba. Alinicheka waziwazi. Siku ya pili nilikula, nikaomba tena, na yule mama akaita wenzake waje waone. Acha kukunja uso, Salma, njaa ikikushika utakula hata wewe.

Hapo tulipokwama ndipo nilipoona vita kwa mara ya kwanza. Malori matatu yalikuja kutoka upande wa Kawambwa, yakiwapeleka wakimbizi wa Kongo kambini. Barabara ilikuwa nyembamba, ikabidi yapite polepole kando yetu, karibu kiasi cha kupeana mikono. Tuliwapungia. Hakuna aliyepunga. Watu walikaa wakitazama mbele, hata watoto, na mwanamke mmoja alikuwa amekumbatia kasia la mtumbwi, barabarani, maili nyingi kutoka ziwani.

Kashikishi

Kutoka Kawambwa barabara inateremka hadi Mbereshi, na kupita Mwansabombwe tulisimama kwenye bwawa la Mofwe, nikachuja karatasi tatu za kwanza huku mbu wakininyonya. Jioni nikafika Nchelenge. Kesho yake niliamkia Kashikishi, soko la samaki lililo jirani, ambako mchanga wote umeanikwa chisense, samaki wadogo wa fedha, na harufu yao inakaa kwenye nywele hata ukiziosha kwa sabuni ya mche.

Mwenye mtumbwi wangu aliitwa Ba Mwila, Mzambia wa makamo, mwenye injini ndogo na mdomo mkubwa. Kwao wanaongea Kibemba, lakini kwa miaka mingi alikuwa akiuziana samaki na Wakongo, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Awe, hapana, mama," akasema alipoona pampu yangu. "Miye navua na wavu. Baba yangu alivua na wavu. Weye unavua na karatasi?"

Kazi yenyewe ni ya kuchosha. Unazamisha chupa, unamimina maji kwenye faneli, unapampu kwa mkono mpaka bega linawaka, na karatasi nyeupe inageuka kijani kichafu. Unaishika kwa kibano, unaikunja, unaitia kwenye kichupa cha spiriti kisichozidi kidole, unaandika namba. Kila tuliporudi pwani watu walijaa kutazama. Siku ya tatu umati ulikuwa mkubwa, nami nikalewa na kusikilizwa. Nilipanda juu ya sanduku langu nikawahutubia. Nikasema kila kilichopita katika ziwa hili kimeacha alama yake, na karatasi hii inaishika. Nikasema, nakumbuka neno kwa neno kwa sababu nililipenda nilipokuwa nalitamka, "Maji hayasahau."

Ba Mwila akatafsiri kwa Kibemba. Tafsiri yake ilikuwa ndefu mara tatu kuliko maneno yangu, na watu wakashika vichwa. Sikuuliza ameongeza nini.

Siku hiyo hiyo niliona jambo ambalo lazima niwaeleze. Mtumbwi ulikuja kutoka upande wa kisiwa cha Kilwa, si Kilwa yetu, ni kisiwa kilicho humo ziwani, na mtu mmoja akashuka peku, kimya, amebeba kitu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Wanawake walipokiona tu, kilio kikaanza pwani nzima. Ba Mwila akavua kofia. Akanieleza kwamba mvuvi amezama, mwili haukupatikana, kilichopatikana ni shati. Desturi yao hapo ni kwamba asiyepatikana huletewa kitu chochote kutoka mahali alipozama. Anayekibeba lazima asiwe wa ukoo, asivae viatu, asiseme neno njiani. Kikizikwa, mtu amezikwa.

"Na kama wamekosea?" nikauliza. "Kama mtu yuko hai?"

"Kilio ikianza, mama, hairudi nyuma," akasema.

Kabuta

Mimi na Ba Mwila tulifika Kabuta, kijiji kingine cha ufukweni, kwa baiskeli mbili, tukipishana na nyingine zilizobeba vikapu vya samaki kupeleka bara. Habari zangu zilikuwa zimenitangulia. Nilichuja mbili za mwisho za ziwa pale pwani, nikawa nimetimiza ishirini na tatu, na nilikuwa natoa chupa ya maji safi kwa ajili ya shahidi wakati mwanamume mrefu, mwenye mvi ndevuni, alipokuja akasimama mbele yangu kwa adabu, kofia mkononi.

Huyo ndiye Papa Ngoie, mfanyabiashara wa samaki, Mkongo wa Kilwa ya ng'ambo, mji ulio upande wa Kongo, aliyevuka na familia yake vita vilipokaribia. Alitukaribisha kwake. Tulipewa bukari, ndivyo wanavyoita ugali, na sombe, yaani kisamvu, na samaki mzima mzima, aina ya sato wanayoiita pale, kichwa chake kimeelekezwa kwangu. Mama yake, bibi mdogo wa mwili, alipakua sahani moja ya ziada, akaifunika, akaiweka kando ya mlango. Nikadhani kuna mgeni anakuja.

"Ile ya mutoto yangu, Kasongo," akasema.

Miezi minane kabla ya hapo, Kasongo, mdogo wake Papa Ngoie, alivuka ziwa na mkewe na mtoto wao katika mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Mtumbwi ukapinduka. Wavuvi waliokota watu wachache, akiwemo mke na mtoto. Kasongo hakuonekana. Mke anasema alizama. Bibi anasema mwanawe aliogelea tangu hajaota meno ya pili, hawezi kuzama, huenda aliokolewa na mtumbwi mwingine akarudishwa ng'ambo, wanajeshi wakamkamata, na yupo. Kulia juu ya mtu aliye hai ni kumuua.

Mke mwenyewe alikuwa uani. Alikuwa amekaa mkekani, nywele hazijachanwa tangu siku ile, mtoto wa kama miaka miwili anamchezea vidole. Mtoto walimwita Kisimba, na yeye Mama Kisimba. Miezi minane hakuwa mke wala mjane. Hakuruhusiwa kugusa maji ya ziwa, wala kuuza, wala kuondoka kwenda kwa dada yake mjini Mansa. Alinisalimia kwa sauti ndogo, hakuinua macho.

"Dada ya Tanzanie," akasema Papa Ngoie, "tumesikia mayi haisahau. Mama Kisimba anajua fasi bwato ilipindukia. Muende pale. Karatasi ikimuona ndugu yangu, bon, tutalia, tutamunyoa huyu mama, mambo inaisha. Isipomuona, njo tunajua anadanganya, alimuachaka mutu akiwa muzima. Alors arudi kwabo ng'ambo. Mutoto atabakia kwetu."

Ng'ambo maana yake vitani. Mimi nilijua kitu ambacho juu ya sanduku kule Kashikishi sikukitaja: alama za majini hazidumu. Jua na vijidudu huzimaliza kwa siku chache. Na mkuu wangu alikuwa anajaribu kusoma samaki, hata hao kwa kubahatisha. Baada ya miezi minane karatasi isingeweza kuona chochote cha mtu, awe alizama au la. Kuipeleka maabara kulikuwa kumhukumu yule mwanamke.

Nikawaeleza. Nilieleza polepole, kwa Kiswahili rahisi, nikakiri kwamba nilijisifu. Bibi akamgeukia Ba Mwila.

"Hakusema bile ku Kashikishi?"

Ba Mwila akatazama sahani yake. "Alisema haisahau, mukwai," akajibu, kwa neno la heshima la kwao.

"Basi sasa mayi inasahau," akasema bibi, "juu ya kumusaidia huyu."

Papa Ngoie akasema nikikataa wataelewa kwamba nimekataa kwa sababu, na sababu wataijua. Nikamtazama Mama Kisimba nikitumaini atasema neno. Alikuwa anamfuta mtoto pua. Nikawaza kwamba angalau nikienda nitapata muda, barua ya majibu itachukua miezi, mtu anaweza kuandika barua vyovyote. Nikasema nitakwenda. Karatasi iliyobaki ilikuwa moja tu, ya shahidi.

Majini, upande wa kisiwa

Tuliondoka asubuhi kwa mtumbwi wa kuazima, Ba Mwila kwenye injini, mimi katikati, Mama Kisimba mbele akiwa amejifunika kitenge. Tulifuata kisiwa cha Kilwa tukakiacha kushoto. Mtumbwi ulivuja, maji yakanifika kwenye vifundo, nikavua viatu nikavifunga shingoni. Yeye alielekeza kwa mkono tu. Kulia kidogo. Mbele. Kisha akainua kiganja, na Ba Mwila akazima injini.

Hapakuwa na kitu. Maji ya kahawia, upepo, milima ya Kongo upande wa pili.

"Njo hapa, ni hapa," akasema.

Niliuliza amejuaje, maji yote si sawa? Akanionyesha ncha ya kisiwa na mlima mmoja wa ng'ambo, jinsi vinavyokutana ukiwa mahali hapo tu. Alikuwa ameshikilia alama hiyo kichwani miezi minane.

Nilichota, nikaanza kupampu. Akawa anaongea huku akitazama mkono wangu.

"Mutoto alikuwa mu mugongo yangu. Bwato ilipinduka, mi nilishika mbao. Kasongo alikuja chini ya mayi, akashika mukono yangu. Huu." Aliuonyesha, wa kulia. "Mbao ilianza kuzama."

Hapo akageukia kisiwa. Niliitoa karatasi, kijani kichafu kama nyingine zote, nikaitia kwenye kichupa. Sanduku la barafu nilikuwa nimeliacha Kabuta na jua lilikuwa kali, kwa hiyo nilitoa mfukoni kitambaa cha pamba, nikakilowesha, nikakizungushia kichupa kisipate joto. Kitambaa kilikuwa cheupe. Mimi mtoto wa Ujiji, niliyesaidia kukata sanda za shangazi zangu wawili, niliyeona shati la yule mvuvi siku chache tu nyuma, nilifunga kitu cha marehemu kwa kitambaa cheupe na sikuwaza lolote zaidi ya jua.

"Nipe nishike," akasema Mama Kisimba. Nikampa. Alikiweka mapajani, akakifunga upya, vizuri zaidi kuliko nilivyokifunga mimi, na hakukiachia njia nzima.

Kupanda kutoka pwani

Karibu na Kabuta watu walikuwa wamejaa pwani wakitungoja. Mtumbwi ulipogusa mchanga nilinyoosha mkono nikamsaidia Mama Kisimba kushuka. Akanirudishia kichupa.

"Beba weye, dada. Mikono yangu inatetemeka."

Nikakipokea kwa mikono miwili kwa kuogopa nisikidondoshe. Akasogea nyuma yangu, akashusha kitenge mpaka kwenye macho. Pampu niliiacha mtumbwini. Nikaanza kupanda mchanga, peku, viatu vyangu shingoni, sisemi kitu kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Sauti ya kwanza ilitoka kwa mwanamke aliyekuwa anageuza chisense. Akaacha ufagio, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe. Wa pili akadakia. Nilipoelewa kwamba wanalilia nilichokibeba mimi, pwani nzima ilikuwa inalia, wanawake wanajitupa chini, na nyuma yangu Mama Kisimba alikuwa akipiga ukelele uliokuwa umekaa ndani yake miezi minane. Nilisimama.

Papa Ngoie alikuja mbio kutoka nyumbani. Watu wakampisha. Alisimama mbele yangu, kifua kinapanda na kushuka, akatazama kitambaa, akatazama miguu yangu.

"Ni yee?" akauliza.

Watu wakanyamaza kusikiliza. Neno moja tu, hapana, ni karatasi, haijasomwa, lingetosha. Nililijua na lilikuwa tayari mdomoni.

"Ni maji ya pale alipopotelea," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Kisha akapiga magoti mchangani, mtu mzima yule, akaanza kulia kwa sauti akimwita mdogo wake.

Bibi aliletwa ameshikwa mikono pande zote mbili. Aliomba akibebe. Nikamwekea kwenye viganja. Akakipandisha na kukishusha, kama mtu anayepima kitu sokoni, akaniuliza kwa mshangao, bila ukali wowote:

"Iko mwepesi vile?"

Hapo ndipo na mimi nilipolia. Nililia vibaya, mbele ya watu nisiowajua.

Walimzika mchana ule ule, katika boksi la sabuni, nyuma ya kanisa lao la udongo, kwa nyimbo. Papa Ngoie alichimba mwenyewe. Niliiona karatasi yangu ikifukiwa na sikusogea. Jioni ile bibi hakupakua sahani ya kando ya mlango. Papa Ngoie alikuja kukaa karibu nami kwenye benchi, akasema bila kunitazama, "Dada, mi nasomaka. Najua karatasi haina mutu. Lakini mama yangu alikuwa anapika ya mutu mufu kila siku. Inatosha."

Asubuhi ya kuondoka

Nilimkuta Mama Kisimba ziwani, kichwa kimenyolewa, amesimama kwenye maji mpaka magotini akisugua masufuria kwa mchanga. Ukoo ulikuwa umemfungua. Angeenda Mansa kwa dada yake baada ya siku chache, na Kisimba. Mtoto alikuwa kando anapiga maji kwa kijiko. Nilifurahi, nikataka kusema jambo la kumfariji, na nikasema la kipumbavu: kwamba nasikitika kwa ile ajali ya kitambaa.

Akaacha kusugua.

"Haikuwa ajali, dada. Mi njo nilifunga muzuri. Mi njo nilikupa ubebe."

Sikuelewa. Nikauliza kwa nini, kama alijua watalia, kwa nini asingoje karatasi isomwe.

"Juu ungeenda nayo kwenu. Ungeisoma yote." Alitazama kama kuna mtu karibu. Hakukuwa na mtu. "Kasongo hakuachilia mukono yangu. Alishika sana. Mbao ilikuwa inazama, mutoto alikuwa anakunywa mayi. Mi njo nilimubandua bidole. Moja. Moja. Moja. Alikuwa ananitazama." Akautoa mkono wa kulia majini akauangalia. "Weye ulisema mayi haisahau. Tangu batu balete ile neno hapa, sikulala. Nikasema, ile karatasi itaona mukono yangu."

Akaniuliza, na aliuliza kama mtu anayeuliza daktari, "Ingeona?"

Nimesoma miaka mitatu chuo, nimefanya kazi maabara miaka sita, na swali gumu kuliko yote nimeulizwa pale, nimesimama kando ya masufuria. Nikamwambia hapana. Nikamwambia karatasi haioni mkono wa mtu, haijui nani alishika na nani aliachia, na hata Kasongo isingemwona, kwa sababu maji yanasahau, yanasahau upesi, siku chache tu na hakuna kitu. Nikamwambia kule Kashikishi nilikuwa najisifu.

"Yanasahau," akasema.

"Yanasahau, mama."

Aliinama akaendelea na sufuria. Alisugua lile lile moja mpaka nilipoitwa kwenye baiskeli.

Kurudi Kigoma

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Lori halikuharibika. Melini nilikula dagaa. Sanduku langu hakuna aliyeniuliza habari zake.

Mkuu wangu alipanga vichupa mezani kwa namba, akahesabu, akahesabu tena. Akaniuliza shahidi yuko wapi. Nikasema alidondoka majini upande wa kisiwa. Akaniuliza kama ninaelewa maana yake. Ninaelewa. Katika karatasi zile ishirini na tatu huenda mpumbu yumo, na hata akisomwa wazi hakuna atakayeamini, kwa sababu hakuna cha kuthibitisha kwamba mikono yangu ilikuwa safi. Hakupiga kelele. Alizirudisha kwenye friji moja moja, na ingekuwa nafuu kama angenitukana. Wiki iliyofuata nikapewa barua ya kuachishwa kazi.

Dada anasema mnataka kujua kama najuta. Karatasi siijutii. Ningepewa nyingine leo ningeichimbia shimo mwenyewe. Ninachojutia ni ile siku ya Kashikishi nilipopanda juu ya sanduku nikatamka neno zuri mbele ya watu, wakashika vichwa, nikaenda kula nikalala usingizi mzuri. Na Kabuta, mwanamke mmoja akaanza kukesha akiutazama mkono wake.